Dondoo muhimu: Ufa kwenye bodi ya faiba

Chevrolet Corvette, tangu ile ya kwanza ya 1953, haina bodi ya bati. Fundi aliyezoea nyundo na gesi hana kazi hapa: faiba haipondeki, hupasuka.

Kwanza jua ufa umefika wapi. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi zimeishia kwenye rangi na tabaka la juu. Bonyeza kwa kidole gumba. Bodi ikicheza, ufa umepenya.

Usifukie ufa kwa puti. Utarudi, na rangi mpya itapasuka nao. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa usiendelee kutambaa, kisha saga kingo kwa mteremko mpana, sentimita kadhaa kila upande. Ukifikika kwa nyuma, anzia huko. Futa kwa asetoni, paka resini, tandaza vipande vya mkeka wa faiba, kila kimoja kikubwa kuliko cha chini yake, na utoe mapovu yote kwa rola. Puti ni ya kusawazisha tu.

Mkeka wa kawaida unataka resini ya poliesta. Ukitumia epoksi, chukua kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Vumbi la faiba linawasha vibaya na ni hatari kwa mapafu: vaa barakoa ya chujio, miwani na mikono mirefu. Dawa ya kubandua rangi ya magari ya bati iache dukani, inaweza kula resini.