KIDOLE KIMEVUNJIKA: TUKIMBIE LINI TENA?

Somo letu la leo linahusu kidole cha mguu. Labda mtasema, "Aa, kidole tu!" Lakini muulizeni mtu aliyewahi kukivunja.

Hebu tumfikirie kijana mmoja wa hapa Kamanga. Kila jioni anafanya mazoezi, maana mashindano ya mbio yamekaribia. Asubuhi moja amechelewa kivuko cha kwenda Mwanza. Anakimbia na kandambili, mara pu! Kidole kimegonga jiwe. Kimevimba, kimekuwa cheusi, hakikanyagiki. Wenzake wanamwambia, "Kaza moyo, endelea na mazoezi, kitazoea." Je, wamemshauri vyema?

Hapana. Kuanzia kifundo hadi vidoleni, mguu mmoja una mifupa 26. Tunapokimbia, vidole ndivyo vinavyosukuma ardhi ili mwili uende mbele. Mfupa uliovunjika ukisukumwa kila hatua, unachelewa kuunga, au unaunga vibaya. Na mtu akichechemea siku nyingi ili kukikwepa kidole, goti na nyonga nazo zinaanza kuuma.

Siku za kwanza tufanye hivi:

1. Tupumzike. Tukilala, tuuweke mguu juu ya mto ili uvimbe upungue.

2. Tuweke kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Tusikande kwa maji moto, wala tusikivute kidole.

3. Kama ni kidole kidogo, tukifunge pamoja na jirani yake. Katikati tuweke pamba. Tusikaze sana, damu ipite.

4. Tuvae kiatu chenye nafasi na soli ngumu. Kandambili tuziache.

Twende zahanati au hospitali upesi kama kidole kimepinda, kina kidonda, kimekufa ganzi au kimekuwa cha baridi. Dole gumba likaangaliwe na mganga, kwa sababu linabeba uzito mwingi kuliko vidole vingine. Mwenye kisukari naye asingoje. Na ninyi wavuvi, msiingie ziwani na kidonda. Vijidudu vinaweza kupita humo hadi kwenye mfupa.

Kwa kawaida mfupa wa kidole huunga kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo tusianze kwa kishindo. Kwanza tutembee bila kuchechemea. Pili, tusimame kwa ncha za vidole bila maumivu. Tatu, tukimbie polepole dakika moja, tutembee dakika mbili, kisha turudie. Tuchague njia ya udongo, siyo ya mawe. Kidole kikiuma au kikivimba, turudi hatua moja nyuma.

Watanzania tunamkumbuka John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 alianguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico City, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho. Dunia ikamsifu. Lakini wengi hawajui yaliyofuata. Mwaka 1970 alikimbia marathoni tena katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Edinburgh, akawa wa tano. Ushujaa wa siku moja watu huusimulia. Kupona vizuri ndiko kunakomrudisha mtu mbioni.

Wahenga walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni kweli. Ila aliyevunjika aende mbele polepole. Kijana wetu akikosa shindano moja, mwakani atakimbia. Akiharibu mguu, atakosa mbio, atakosa na shamba.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini tusikivute kidole kilichovunjika?

2. Ni dalili gani zinatutaka tuende zahanati upesi?

3. Wewe ungemshauri nini kijana yule?