SOMO: UJUMBE WA SIMU NAO UPIMWE

Masomo: Kutoka 23:1, 1 Wakorintho 14:29, Yakobo 3:5-10



Sisi tunaamini kwamba Roho husema na watu. Lakini tunajua pia agizo la mtume Paulo: nabii akisema, wengine wapime. Hata ndoto ya mzee haitangazwi mbele ya washiriki kabla ya kupimwa. Basi, kama neno la mtu tunayemjua linapimwa, kwa nini ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu tusiyemjua tunaupokea bila kuuliza, tena tunawatumia wengine?

1. Uongo ulituletea msiba

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kwa kila wanne alisema Ebola si ya kweli. Maneno yalipita katika simu na njiani: ati ni biashara, ati chanjo ni sumu, ati imeletwa tusipige kura. Tarehe 26 Desemba 2018 kura ya Beni na Butembo ilipoahirishwa, wengi walisema, "Mnaona sasa?"

Uchungu wa watu ulikuwa wa kweli. Tangu Oktoba 2014 Beni ilikuwa ikizika watu waliochinjwa. Lakini uongo ulijenga nyumba yake juu ya uchungu huo. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Ebola cha Katwa kilichomwa moto, na siku tatu baadaye kituo cha Butembo kilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Alikuja kutusaidia. Hatusemi kwamba simu ilishika bunduki. Lakini maneno ya kwamba wageni ndio walioleta ugonjwa yalikuwa yametembea mjini kwa miezi mingi.

2. Leo chuki imebadili nguo

Mtu anapigwa picha sokoni, chini yake panaandikwa "huyu ni ADF" au "huyu ni M23", kwa sababu tu ya sura yake au ya Kinyarwanda anachosema. Mama mzee anaitwa mchawi katika sauti iliyorekodiwa, ati "Bwana amenionyesha." Habari hiyo inaweza kuwafikia wenye hasira kabla ya kuwafikia polisi. Mtu akiisha kuuawa, kufuta ujumbe hakumfufui.

3. Anayetuma anashiriki na aliyetunga

Wengine husema, "Si mimi niliyeandika, nimetuma tu." Kutoka 23:1 inatukataza kuvumisha habari ya uongo na kushikana mkono na mwovu. Sheria ya nchi yetu pia inakubaliana na hilo. Ile ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu maneno ya chuki ya kabila. Ile ya tarehe 13 Machi 2023, juu ya mambo ya dijitali, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu katika mitandao ya kijamii, na pia anayeipeleka mbele.

4. Tufanye nini?

a) Ngoja. Mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha kwamba umepita mikono mingi. Haionyeshi kwamba ni kweli.

b) Uliza: nani ameona kwa macho yake? Wapi? Siku gani? Picha ya zamani hutumwa kama ya jana.

c) Ukijua ni uongo, mwambie mtumaji kwanza peke yake, kama Mathayo 18:15 inavyofundisha. Akikataa, sema ukweli katika kundi lile lile, bila matusi.

d) Ukiona hatari wewe mwenyewe, usinyamaze. Mpigie shefu wa mtaa au polisi, taja mahali na saa. Usitaje kabila, usitume picha ya mtu.

e) Ndoto na maono juu ya mtu yaletwe kwa wazee wa kanisa, si katika kundi la WhatsApp.

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani ya wakati wa Ebola uliyoyasikia, na nani aliyeumia kwa ajili yake?
2. Kama picha ya mtoto wako ingetumwa leo na jina la ADF chini yake, ungetaka jirani afanye nini?
3. Katika simu yako sasa kuna ujumbe gani wa kufutwa?

Bwana alinde ndimi zetu, na vidole vyetu pia. Amina.

Shemasi, kwa ajili ya idara ya mafundisho