Wadudu wa Majini: Mashahidi wa Afya ya Kijito

Vikundi vingi vya mazingira vimejitolea kurudisha uhai wa vijito. Wamepanda miti ya asili kandokando, wamezuia mifugo kukanyaga kingo, na wamehamisha mashamba. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kazi hii ina gharama. Familia iliyoacha bustani yake ya mboga bondeni ina haki ya kuuliza: je, kijito kimepona kweli?

Kuhesabu miche iliyoota hakutoshi kujibu swali hilo. Mwaka 2010 watafiti Margaret Palmer, Holly Menninger na Emily Bernhardt walichapisha mapitio ya miradi 78 ya kurekebisha vijito na mito. Mingi ilifaulu kurekebisha umbo la mto, lakini ni 2 tu iliyoonyesha ongezeko la uhakika la aina za viumbe. Hata hivyo, matumaini yapo. Mwaka 2005 wanasayansi walieleza jinsi kereng'ende adimu walivyorudi kwenye vijito vya Afrika Kusini baada ya miti ya kigeni, kama miwati, kuondolewa kingoni.

Kwa nini wadudu?

Maji yakipimwa leo, tunajua hali ya leo tu. Wadudu huishi majini kwa wiki, miezi au hata zaidi ya mwaka. Sumu ikipita usiku, wao hubeba habari zake. Tuwatazame katika makundi matatu:

• Wasiovumilia uchafu: plekoptera (mikia miwili, hupenda maji ya kasi yenye mawe), aina nyingi za efemeroptera (kwa kawaida mikia mitatu, matamvua ubavuni mwa tumbo), na trikoptera, ambao wengi hujijengea kijumba cha mchanga au vijiti.
• Wa katikati: kaa, tunutu wa kereng'ende, mende wa majini.
• Wanaovumilia uchafu: ruba, minyoo, na mabuu mekundu ya visubi.

Kipimo rahisi cha miniSASS, kilichoanzia Afrika Kusini, hutumia makundi 13 tu, na hata wanafunzi wanaweza kukifanya. Kwa kazi ya kitaalamu, Tanzania ina kipimo chake kiitwacho TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015.

Hatua za kufuata

1. Anzeni kabla ya kazi ya urejeshaji. Bila kipimo cha mwanzo hamtakuwa na cha kulinganisha.
2. Chagueni sehemu tatu: juu ya eneo linalorejeshwa, ndani yake, na chini yake. Ongezeni kijito jirani chenye hali nzuri, kiwe kielelezo.
3. Shikeni wavu mkielekea mkondo unakotoka. Chokoeni mawe kwa miguu mbele ya wavu, kisha pitisheni wavu kwenye majani na mchanga. Tumieni muda uleule kila sehemu.
4. Mimineni kwenye beseni jeupe lenye maji. Tambueni makundi, andikeni, kisha warudisheni wadudu majini.
5. Jumlisheni alama za makundi mliyoyaona, mgawanye kwa idadi ya makundi hayo. Wastani mkubwa ni dalili ya afya nzuri.
6. Rudieni kila mwaka majira yaleyale. Msipime mara baada ya mafuriko, kwa maana wadudu huwa wamesombwa.

Vaeni mabuti ya mpira, hasa penye kichocho. Watoto wasiingie majini bila mtu mzima.

Kusoma matokeo

Alama zikiwa ndogo hata juu ya eneo lenu, tatizo linatoka huko juu: labda dawa za mashambani au udongo unaoporomoka. Miti yenu pekee haitalimaliza; zungumzeni na majirani wa juu. Alama zikiwa nzuri juu na kushuka ghafla chini, tafuteni chanzo kati ya sehemu hizo mbili. Zikipanda polepole mwaka hadi mwaka, msikate tamaa. Wadudu wengi hurudi kwa kuruka wakiwa wamekomaa, na ikiwa hakuna kijito chenye afya karibu, huchukua miaka mingi.

Tahadhari moja ni muhimu. Wadudu hawatuambii kama maji yana vijidudu vya kuhara au kipindupindu. Kijito chenye alama za juu bado ni cha kuchemshiwa maji yake kabla ya kunywa.

Maswali ya kujadili

• Ni wadudu gani wa majini ambao wazee wetu waliwafahamu, na leo hawaonekani?
• Nani anaishi juu ya kijito chetu, na tutazungumza naye vipi bila kumlaumu?
• Nani atatunza daftari la vipimo ili lisipotee viongozi wa kikundi wakibadilika?