SOMO: KUANDIKA MWAKA NA NAMBARI YA WIKI



Kila wiki wahudumu wa afya wa jamii huhesabu wagonjwa wa kuhara, malaria na surua. Hesabu hiyo hupangwa kwa mwaka na nambari ya wiki. Wewe unayejaza daftari au unayejifunza kompyuta, soma somo hili, maana mwisho wa mwaka ndipo tunapokosea.

Kanuni ya kimataifa (ISO 8601) inasema hivi:
1. Wiki huanza Jumatatu, huisha Jumapili.
2. Wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka.
3. Mwaka wa wiki ni mwaka wa Alhamisi yake.

Mfano: Jumanne, tarehe 31 Desemba 2024. Alhamisi ya wiki hiyo ni tarehe 2 Januari 2025. Kwa hiyo tunaandika 2025-W01. Herufi W ni alama ya wiki.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 2024-W01. Wagonjwa wa kuhara wa Desemba wakahesabiwa pamoja na wale wa tarehe 1 hadi 7 Januari 2024, karibu mwaka mzima nyuma! Wiki yao ikaonekana haina wagonjwa. Ugonjwa ukipanda wakati kama huo, nani atajua mapema? Mtoto anayeharisha hangoji hesabu isahihishwe.

Kwenye kompyuta, kama tarehe iko katika kisanduku A2, andika fomula hii:

=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")

Sehemu ya kwanza hutafuta Alhamisi ya wiki na kuchukua mwaka wake. Sehemu ya mwisho hutoa nambari ya wiki. Alama "00" huweka sifuri mbele, ili wiki ya 2 isipangwe baada ya wiki ya 10.

Kumbuka: ziko nchi zinazoanza wiki Jumapili. Muulize msimamizi wako kituo kinafuata hesabu ipi, kisha wote mfuate hiyo moja. Katika daftari andika daima tarehe kamili. Ukikosea wiki, tarehe itakusahihisha.

Zoezi: Ijumaa, tarehe 1 Januari 2027, ni wiki gani?

Jibu: Alhamisi yake ni tarehe 31 Desemba 2026. Ni 2026-W53, kwa kuwa mwaka 2026 una wiki 53. Kama umepata, mfundishe na jirani yako.