Vichangamshi na Hofu: Funzo Kutoka kwa Panya wa Maabara

Katika hospitali za Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na Temeke, waraibu wa heroini hunywa methadoni kila siku mbele ya mhudumu. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Hata hivyo, wapo watumiaji wa heroini ambao hutumia pia kokeini au mirungi. Methadoni haitibu uraibu wa vichangamshi hivyo, kwa sababu hushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na heroini, ilhali vichangamshi hupita njia nyingine ubongoni. Mtumiaji anapokesha macho makavu, akishtuka kwa kila mlio wa mlango, jamaa zake huweza kudhani kwamba amerogwa. Tafiti za wanyama zinatoa maelezo mengine.

Hofu ya panya hupimwaje?

Panya hawezi kuulizwa anavyojisikia. Hutazamwa mwenendo wake. Kipimo mashuhuri, kilichothibitishwa kwa panya mwaka 1985, ni jukwaa lenye umbo la msalaba, lililoinuliwa kiasi cha nusu mita kutoka sakafuni. Vijia vyake viwili vina kuta, viwili viko wazi. Panya huwekwa katikati kwa dakika 5. Kwa silika hupenda kupeleleza mahali papya, lakini huogopa uwazi. Akipewa diazepamu, ambayo hutuliza wasiwasi, hukaa zaidi kwenye vijia vya wazi. Akipewa kafeini nyingi, hujibanza penye kuta.

Matokeo

Kokeini humfanya panya aepuke vijia vya wazi, na hali hiyo huonekana pia anapokatiziwa dawa baada ya kuizoea. Kokeini huzuia dopamini na noradrenalini zisirudi ndani ya seli za neva. Amfetamini huzisukuma zimwagike nje ya seli, na ndivyo ifanyavyo katinoni iliyomo katika majani mabichi ya mirungi. Dopamini huhusika na raha na hamu. Noradrenalini huuweka mwili katika hali ya kujihami: moyo hwenda mbio, usingizi hukimbia. Raha na hofu, basi, hutoka katika dawa ileile.

Aaron Ettenberg na wenzake, huko California, waliwafunza panya kupita katika ujia mrefu ili wapewe kokeini mwishoni. Baada ya siku kadhaa, panya walikimbia kuelekea mwisho, wakasita, wakarudi nyuma, kisha wakaenda tena. Waliokimbilia heroini hawakusitasita namna hiyo. Diazepamu ilipunguza kurudi nyuma kwa wale wa kokeini, ishara kwamba kilichowarudisha kilikuwa hofu.

Tahadhari ya kusoma matokeo

Vichangamshi huongeza mwendo. Panya anayezungukazunguka bila kutulia anaweza kuingia vijia vya wazi mara nyingi bila hofu yake kupungua. Ndiyo maana watafiti huhesabu pia maingio katika vijia vyenye kuta. Aidha, kinachopimwa ni mwenendo unaofanana na wasiwasi. Panya hana deni la kodi ya chumba, wala haoni haya mbele ya majirani.

Maana yake kwa mgonjwa

Kwanza, anayekuja na wasiwasi, mapigo ya moyo ya haraka na kukosa usingizi aulizwe, kwa staha na faraghani, ametumia nini na lini, kabla hajaambiwa ana ugonjwa mwingine. Pili, hofu hiyo si udhaifu wa tabia. Ni sehemu ya kazi ya dawa, na huweza kumrudisha mtu kwenye dawa ileile akitafuta nafuu. Tatu, matokeo ya panya yasigeuzwe kuwa ruhusa ya kununua diazepamu dukani. Dawa hiyo nayo huleta utegemezi, na ikichanganywa na heroini au methadoni huweza kusimamisha pumzi.

Kokeini haijapata dawa mbadala mfano wa methadoni. Msingi wa tiba yake ni ushauri nasaha na ufuatiliaji wa muda mrefu. Kwa hiyo, anayenywa methadoni asifiche kokeini au mirungi anayotumia: mhudumu asipojua, nusu ya ugonjwa hubaki bila tiba.