SOMO LA AFYA: MRABA WA VYUMBA VINNE

Somo letu la leo linaanzia hapa Mtanda, lakini linahusu pwani yote ya Lindi na Kilwa.

Mtoto mchanga anavimba viganja na nyayo. Akikua kidogo analia mifupa inamuuma. Macho yanakuwa manjano, na damu inapungua mara kwa mara. Hapo maneno huanza. "Kachezewa huyo!" Wengine humgeukia mama: "Kwetu ugonjwa huu haupo, kauleta yeye." Maneno kama hayo huvunja ndoa. Basi tuchukue kalamu na karatasi, tuone kama yana ukweli.

Ugonjwa huu huitwa selimundu, na hujulikana kwa kupima damu. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, hupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza.

Ugonjwa huu hauambukizi. Ni wa kurithi. Kila mtu hupokea chembe mbili za urithi zinazohusika na damu: moja kwa baba, moja kwa mama. Chembe nzima tuiite A. Yenye kasoro tuiite S.

Mwenye AA hana kasoro hiyo.
Mwenye AS ni mzima. Analima, anavua, wala hajijui kuwa amebeba S.
Mwenye SS ni mgonjwa wa selimundu.

Sasa tuseme baba ni AS na mama ni AS. Tuchore mraba wenye vyumba vinne. Njia hii ilitungwa na Mwingereza Reginald Punnett, mwanzoni mwa karne ya 20. Chembe za mama tunaziandika juu, za baba pembeni:

| | Mama: A | Mama: S |
|---|---|---|
| Baba: A | AA | AS |
| Baba: S | AS | SS |

Tuhesabu. Chumba kimoja kati ya vinne ni AA. Viwili ni AS. Kimoja ni SS. Tazama vizuri chumba cha SS: S moja imetoka kwa mama, na nyingine kwa baba. Basi nani wa kulaumiwa? Hakuna. Wote wawili wametoa, na wote wawili hawakujua.

Hapa wengi hukosea. Husema, "Mmoja kati ya wanne ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo! Kila mimba huanza hesabu upya. Jaribu mwenyewe. Chukua vikopo viwili, cha baba na cha mama. Katika kila kimoja weka kunde moja nyeupe (A) na moja nyekundu (S). Bila kutazama, toa moja katika kila kikopo, uandike ulichopata. Kisha zirudishe, utoe tena. Utaona nyekundu mbili zinaweza kutoka mara mbili mfululizo, au zisitoke kabisa.

Kwa nini S ni nyingi kwetu? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mwenye AS hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo palipokuwa na malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, S ilidumu. Lakini mwenye AS naye huugua malaria, basi asiache chandarua. Mwenye SS malaria humdhuru sana.

Tufanye nini? Vijana wanaotaka kuoana waulize hospitalini kuhusu kipimo cha damu. Mtoto mwenye dalili apelekwe mapema. Akiwa na SS anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi, apate chanjo zote, na atumie dawa alizoandikiwa. Akipata homa, msingoje kesho. Wapo wengi wenye SS waliokua, wakasoma na kufanya kazi.

ZOEZI
1. Baba ni AA, mama ni AS. Chora mraba. Je, mtoto wao anaweza kuwa SS?
2. Jirani anamlaumu mkewe kwa ugonjwa wa mtoto. Utamweleza nini?

Jibu la 1: Hawezi. Vyumba viwili ni AA, viwili ni AS. La pili mjadiliane nyumbani, baba na mama pamoja.