Kisigino Kinachouma Asubuhi

Mwezi huu, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya maumivu ya kisigino. Si ugonjwa wa kuua, na ndiyo maana wengi huuvumilia mpaka wanashindwa kazi. Lakini kwa mama anayesimama kutwa penye meza ya samaki, kwa mwalimu au mlinzi wa usiku, mguu ndio mtaji.

Dalili yake hujulikana upesi. Mtu anaamka vizuri, anakanyaga chini, na hatua ile ya kwanza inachoma kama amekanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu yanapungua. Akikaa kwa muda halafu akasimama, yanarudi. Ukibonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, utapata mahali pamoja panapouma hasa.

Kwa nini iwe asubuhi? Chini ya wayo upo ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Huo ndio unaoshikilia uvungu wa mguu, kama kamba inavyoshika upinde. Kusimama sana juu ya saruji, kuongezeka uzito, kuvaa kandambili zilizolika, au kuanza mbio ghafla, huuchosha na kuuharibu pale unaposhikana na mfupa. Usiku tunalala vidole vya miguu vimeelekea chini, nao ukanda unajikunja. Asubuhi unavutwa mara moja kwa uzito wa mwili mzima.

Basi tiba ianzie kitandani, kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa kitako, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote, uvivute kuelekea kwenye ugoko. Kwa mkono mwingine gusa uvungu wa wayo: ukiona ukanda umekazika, unafanya sawasawa. Hesabu polepole mpaka 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na kila unapotaka kusimama baada ya kukaa sana. Zoezi hili lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 101 walioumwa muda mrefu. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: baada ya wiki 8, waliolifanya walipata nafuu kuliko wale walionyoosha misuli ya nyuma ya mguu peke yake.

Misuli hiyo nayo isiachwe. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kikiwa chini. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Jioni, viringisha chupa ya soda chini ya wayo kwa dakika chache. Mwenye friji agandishe maji katika chupa ya plastiki atumie hiyo, baridi hutuliza.

Baadaye ongeza zoezi la nguvu. Simama kwenye ngazi, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, visigino vikining'inia. Shika ukuta. Panda kwa kuhesabu 3, tulia juu kwa 2, shuka kwa 3. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Watafiti wa Denmark waliona kwamba baada ya miezi 3 zoezi hili lilishinda lile la kuvuta vidole, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Utaona kwamba nahesabu kwa miezi, si kwa siku. Hapo ndipo wengi huchoka wakakimbilia sindano. Sindano ya kisigino hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwa-rudiwa inaweza kukata ukanda wenyewe. Wengine hupigwa picha ya eksirei wakaambiwa wameota mfupa, wakaanza kuogopa kisu. Mfupa huo huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa! Kuupasua si jambo la kuanzia.

Wapo wasiofaa kujitibu nyumbani. Aliyeanguka kutoka juu ya mwembe au paa na hawezi kukanyaga, huenda amevunjika, aende hospitali. Vilevile mwenye uvimbe na homa, au maumivu yanayomwamsha usiku hata akiwa amepumzika. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayeumwa kisigino akicheza mpira huwa na tatizo jingine, la mfupa unaokua, na hutakiwa kupunguza michezo kwa muda. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asitumie barafu wala maji ya moto, bali aonyeshe miguu yake kliniki kwanza.